Gari Lililokaa Sawasawa

Gudrun Sletten, naibu wa sherifu, alilizunguka gari la Bernie Kozlik kwa mara ya tatu, mikono mifukoni, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Alichungulia uvunguni, akainuka, akaenda mbele, akarudi nyuma. Upepo wa Dakota ulikuwa unamrushia vumbi la kokoto usoni na wala hakuonekana kuujali.

Sherifu Rustad alibaki ndani ya gari lake, kioo kimeshuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti.

"Utalizunguka mpaka litage?" aliuliza.

"Shuka uone, Sherifu."

"Nimeshaona. Gari la bibi aliyepotea, limefichwa kwenye machimbo ya kokoto ya ukoo wa Renner. Dusty Renner ninaye mahabusu. Wazamiaji wako mtoni. Unataka nione nini tena, bendera?"

Lilikuwa gari-nyumba dogo, kuukuu, lenye kitanda, jiko, choo na friji, la watu wale wasiokwenda nalo likizo bali huishi humo mwaka mzima, wakifuata kazi za msimu popote zilipo. Bernie, mjane wa miaka sabini na moja, alikuwa hana makazi mengine tangu mumewe afariki. Kila Oktoba alipanda hadi Bonde la Mto Red pamoja na mamia ya wenzake kwenye mavuno ya viazi sukari, vile vinavyotolewa sukari, na kazi ikiisha wote hukimbilia kusini, jangwani, kabla baridi haijawakaba. Juzi usiku gari hili lilitoka kambini, na kambi nzima ilidhani mwenyewe ameamua kuondoka mapema. Jana mwanawe, Craig, akafika kutoka Omaha kumchukua, akakuta nafasi tupu. Mchana simu ya mama yake ikaokotwa kwenye matete chini ya daraja. Leo asubuhi mwindaji wa bata akaliona gari machimboni, na Bernie hakuwemo.

Gudrun alijua mambo mawili, na yote mawili yalimkosesha utulivu. Kwanza, theluji ilikuwa inakuja usiku huo, na kama Bernie alikuwa hai mahali fulani nje huko, asingeiona kesho. Pili, mavuno yalikuwa yamekwisha alfajiri ile. Kila mtu aliyeweza kuwa ameona kitu alikuwa na nyumba yenye injini, na kufikia kesho atakuwa Texas.

"Tazama tairi za kulia," alisema.

Rustad alishuka akiguna, akainama. Ardhi ya machimbo ilielekea bondeni. Chini ya tairi ya mbele na ya nyuma za upande wa bonde kulikuwa na vitalu vya plastiki vya njano, vimepangwa ngazi kwa ngazi, na nyuma ya kila tairi kabari. Gudrun alifungua mlango, akalaza chupa yake ya maji sakafuni. Chupa ikatulia pale pale.

"Limesawazishwa," alisema. "Hawa watu hawalali kabla gari halijakaa sawa. Friji zao za gesi zikikaa mshazari zinaharibika. Sasa fungua friji."

Rustad alifungua. Siagi ilikuwa ngumu, maziwa baridi, na mwali wa gesi ulikuwa bado unawaka.

"Kwa hiyo mtu kaiba gari usiku, roho mkononi," alisema Gudrun, "kisha akapiga magoti matopeni kupanga vitalu. Halafu akawasha friji."

"Labda ni Bernie mwenyewe."

"Kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa. Bernie hafiki begani kwangu. Angekuwa anakanyaga hewa."

"Renner ana miguu mirefu."

"Ndiyo. Kuna vitu vinne havipo: vidonge vyake vya presha, miwani, blanketi na mito miwili ya kitandani."

"Mto wa kumzibia pumzi," alisema Rustad.

"Unahitaji miwili?"

Sherifu alikuna shingo. Hakuwa mjinga, ila alikuwa na mtuhumiwa mkononi, na aliye na mtuhumiwa mkononi huwa mzito kumwachia. "Nenda ukamhoji Renner tena," alisema hatimaye. "Mimi naenda mtoni. Yule mwanawe hataki kuondoka ukingoni, nimempelekea kahawa mara mbili na hainywi."

---

Dusty Renner alikuwa amejikunja kwenye benchi la selo na koti kichwani. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la viazi sukari kutoka mashambani hadi kwenye mashine ya kurundika, na hapo mashineni ndipo alipogombana na Bernie mbele ya watu.

"Sijamuua mtu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijakuuliza hilo. Mligombana nini?"

"Alinirudisha mwisho wa foleni. Eti nakwenda kasi, nitamkanyaga mtu! Kibibi kimevaa kofia ya plastiki, kimeshika koleo, kinanipigia filimbi kama askari wa barabarani. Nikamtukana. Akanitukana zaidi, tena alinizidi mbali. Matusi ndiyo mauaji siku hizi?"

"Gari lake limekutwa kwenye machimbo ya baba yako."

"Machimbo hayana geti. Nusu ya wilaya hutupa makochi yao mabovu pale."

Gudrun alivuta kiti. "Umewahi kulala kwenye gari-nyumba?"

"Mara moja. Baba alikodi tukaenda milimani. Tuliegesha kwenye mteremko, usiku kucha tukawa tunaporomokea upande mmoja kama viazi kwenye tela. Mama aliamka yuko sakafuni. Hatukurudia tena."

"Nikikupa lile la Bernie sasa hivi, ukaliegeshe machimboni, utafanya nini? Hatua kwa hatua."

Renner alimtazama kuona kama anataniwa. "Navuta breki. Nazima injini. Nashuka."

"Halafu?"

"Halafu naenda nyumbani! Unataka nifanye nini, nilisomee dua?"

Gudrun alisimama. Kijana huyu asingejua hata vile vitalu vya njano ni vya nini. Aliyelipeleka gari machimboni alikuwa mtu wa barabara kama Bernie. Alifanya alichokifanya kila jioni kwa miaka, hata usiku ambao alikuwa na kila sababu ya kukimbia. Mazoea yana taabu.

"Unaniachia?" aliuliza Renner.

"Nikimpata."

"Basi mtafute, jamani! Nilimtukana tu!"

---

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, nje ya mji, na Gudrun alipofika ilikuwa inang'oka. Injini zilinguruma kila upande. Wanaume kwa wanawake, vichwa vyeupe kwa wingi, walikuwa wanakunja turubai, wanavuta mabomba ya maji machafu, wanazunguka magari yao wakigonga tairi kwa mateke. Walikuwa wanaagana kwa kukumbatiana haraka haraka na kuahidiana kuonana jangwani. Uwanja haukuwa tambarare; ulikuwa na matuta na mabonde ya miaka mingi ya farasi na ng'ombe wa maonyesho.

Msimamizi wa kambi, Marvella Dupree, mwanamke mnene wa Louisiana aliyeishi kwenye gari-nyumba kubwa kuliko yote, alikuwa anakunja waya wa umeme begani.

"Afande, kama umekuja kuwazuia watu, umechelewa," alisema. "Nimeshaaga nusu yao na machozi yamekwisha."

"Siwezi kuwazuia. Jaji amekataa kunipa kibali cha kupekua. Kasema hizi ni nyumba za watu, siwezi kuingia nyumba arobaini kwa kubahatisha."

"Jaji huyo namkaribisha chakula."

"Yule wa basi la bluu aliyeondoka jana bila kuaga, tumempata Sioux Falls."

Marvella aliacha waya. "Na Bernie?"

"Alikuwa na paka sita. Bernie hayupo."

"Paka sita! Na mimi aliniambia wawili." Kisha uso ukambadilika, akaketi kwenye ngazi ya gari lake. "Mwanangu, niambie kweli. Yu hai?"

"Sijui, mama. Nisaidie nijue. Mwanawe alikuwa anakuja kumchukua kwa nini?"

"Kumnyang'anya funguo. Bernie alianguka mwezi wa tano kule Arizona. Craig akapata karatasi ya mahakama, awe msimamizi wake. Alishamtafutia chumba kwenye makao ya wazee huko Omaha. Kizuri, kasema, kina dirisha." Marvella alitema pembeni. "Hapa hakuna anayeogopa kufa, afande. Tunaogopa hicho chumba. Usiku wa mwisho Bernie alisema mezani, wazi kabisa: 'Craig akija na akute tairi zangu zimeacha alama tu.'"

"Nani alikuwa karibu naye?"

"Wote. Lakini zaidi Ambrose Teague. Walisimama zamu moja, mashine moja. Ambrose alikuwa fundi wa mabasi ya shule Oklahoma. Tunamwita Bwana Pimamaji." Alicheka kidogo, bila kutaka. "Huyo, gari likiinama nywele moja hapati usingizi. Akimaliza lake anakuja kukusawazishia lako, utake usitake. Ana kipimamaji kwenye funguo zake, anakiweka mezani kwako kabla hata hujamkaribisha kahawa."

"Yuko wapi?"

"Mstari wa mwisho, karibu na mabanda ya nguruwe. Mgongo umemkaba tangu juzi, masikini, hakuja hata zamu ya mwisho. Nampelekea supu."

"Anakula?"

"Anamaliza! Ila sasa anataka iliyopondwa, laini kabisa, bila kipande. Nikamwambia, Ambrose, mgongo ndio unaouma au meno? Na meno yake anayo yote."

Gudrun aliandika neno moja, "supu", kwenye kiganja chake, kwa sababu kalamu ilikuwa karibu kuliko karatasi. Kisha akaenda.

Alipita mstari kwa mstari. Kila gari ambalo bado halijaondoka lilikuwa limekaa sawa, hili juu ya mbao, lile juu ya vitalu, jingine juu ya matofali ya zamani, kila mmoja kwa namna yake amelishinda tuta lake. Akafika mabanda ya nguruwe, akasimama.

Gari-nyumba la mwisho lilikuwa limeinama.

Halikuinama kwa uzembe. Tairi zote mbili za kulia zilikuwa zimepandishwa juu ya mbao nene za msonobari, tatu tatu, zimekatwa vizuri ncha zake, na gari zima likawa limelala ubavu wa kushoto. Gudrun alichuchumaa kutazama ardhi. Hapo chini ilikuwa tambarare kuliko sehemu zote alizozipita. Bila zile mbao gari lingekaa sawa kabisa. Kando yake kulikuwa na gari dogo jekundu lenye chuma cha kufungia mbele, la kuvutwa nyuma ya gari-nyumba safarini, na tope la kijivu la kokoto lilikuwa limekauka kwenye tairi zake. Udongo wa bonde lile ni mweusi.

Alibisha hodi.

Mlango ulifunguka kiasi, akatoka mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa shati lililopigwa pasi. Akashuka ngazi na kuurudisha mlango nyuma yake. Alishuka vizuri tu, bila kushika popote, kwa mtu mwenye mgongo unaouma.

"Afande," alisema.

"Mzee Ambrose. Shikamoo na baridi hii. Mgongo?"

"Unakwenda unarudi."

"Wenzako wanaondoka."

"Na mimi nitaondoka. Kesho, nikipata nafuu."

"Nimetoka kwenye gari la Bernie. Tumelipata."

Mzee hakuuliza wapi, wala kama Bernie alikuwemo. Alisema, "Nimesikia."

"Aliyelipeleka ni mtu makini. Kalisawazisha, kawasha friji."

"Hilo ni jambo la kawaida."

"Kwenu. Dusty Renner halijui jambo hilo la kawaida, na amekaa selo tangu jana." Gudrun alipuliza viganja vyake. "Nikaribishe kahawa, mzee. Nimeganda."

"Ndani pamevurugika. Siwezi kumwingiza mgeni."

"Basi niazime funguo zako."

"Za nini?"

"Niazime tu."

Ambrose alisita, kisha akazitoa mfukoni. Kipimamaji kilikuwa pale, kichupa kidogo chenye maji ya kijani na povu ndani. Gudrun alikiweka juu ya ngazi ya mlango. Povu likakimbilia upande ulioinuliwa na kubana pembeni kabisa. Wote wawili walilitazama.

"Hiki kinasemaje, mzee?"

Ambrose alisogea akauziba mlango.

"Watu wananiambia hulali gari likiinama nywele moja. Umelisawazisha la mwenzako usiku, machimboni, ambako hapana wa kuliona. Halafu lako mwenyewe umelipandisha upande kwa mikono yako, kwenye ardhi tambarare, na umeliacha hivyo siku mbili. Una supu iliyopondwa na meno yote. Kuna mito miwili inatafutwa. Nimejiuliza ni kitu gani kingekufanya uishi ndani ya gari lililoinama." Alishusha sauti. "Dusty Renner aliniambia mama yake aliporomoka kitandani gari lilipokaa upande. Ukilitega upande wa pili, mtu asiyejiweza anaegemea ukutani. Haanguki."

Gari mojawapo lilipiga honi ya kuaga huko mbali. Kisha, kutoka ndani, kikasikika kikohozi kizito cha mtu aliyepaliwa, kikaendelea, hakikukoma.

Ambrose alimtangulia kuingia.

Bernie Kozlik alikuwa kwenye kitanda chembamba cha nyuma, ameegemezwa ukutani kwa mito yake miwili, blanketi lake hadi kifuani, miwani usoni. Nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka. Ambrose alimwinua kwa mkono mmoja, akampiga mgongoni taratibu, akamfuta mdomo, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. Kikohozi kikatulia. Palikuwa safi humo ndani, kijiko kimeoshwa, taulo zimekunjwa. Hapakuwa pamevurugika hata kidogo.

Gudrun alikuwa ameshashika redio. "Kiharusi," alisema. "Uwanja wa maonyesho, mstari wa mwisho. Mleteni daktari, msisubiri chochote. Na mwambieni Sherifu awatoe wazamiaji mtoni. Yu hai."

Bernie aliusikia mlio wa redio. Jicho lake zima likamwendea Ambrose, kwa hasira.

"Mimi sikuita, Bernie," alisema mzee. "Naapa sikuita."

"Lini?" aliuliza Gudrun.

"Juzi, baada ya chakula. Aligonga ukuta wa gari lake nikaenda. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na jiko. Mdomo umeshakwenda upande lakini anasema. Akaniambia, usiite mtu. Ukiita, Craig atanikuta hospitali na hapo sitoki tena. Niapie. Nikamwapia, nikambeba hadi hapa."

"Na gari?"

"Alisema lisiwepo asubuhi. Nikafunga langu dogo nyuma yake, nikalipeleka, nikarudi. Simu nikaitupa darajani ili wasimfuate. Nilitaka kambi iondoke kwanza, kisha nimpeleke jangwani. Ndiko alikotaka kuwa." Alivuta pumzi. "Nilidhani atapata nafuu. Jana aliinua kidole."

"Ungeliacha gari lile lilivyo, nisingekupata."

"Najua."

"Mbona ulilisawazisha?"

Ambrose alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango wa nyumba. "Friji yake ingeharibika," alisema.

"Na kijana wa Renner? Yuko selo."

"Ningepiga simu nikifika mbali. Hilo limeninyima usingizi, afande. Hilo na huyu kupaliwa."

---

Wauguzi walimtoa Bernie kwenye machela huku chembe za kwanza za theluji zikianza kuruka. Watu wa kambi waliokuwa bado hawajaondoka walikuja wakasimama mbali, kofia mkononi. Marvella alilia waziwazi. Hakuna aliyesema neno kwa Ambrose, wala hakuna aliyemwacha peke yake, walimzunguka tu.

Gari la Sherifu lilifika likiyumba. Kabla halijasimama, Craig Kozlik alikuwa ameshashuka. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi kama mama yake, suruali imeroa hadi magotini. Alikimbia hadi kwenye machela na kuishika kwa mikono miwili.

"Mama! Tangu jana nimesimama mtoni," alisema. "Tangu jana, Mama, nasubiri wakuopoe. Kila walipoibuka nilifumba macho."

Bernie alimtazama mwanawe. Jicho lake zima likajaa, likamwagika. Mkono wake wa kulia ulihangaika chini ya blanketi, ukatoka, ukamshika Craig sikio, kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, ukabaki hapo. Alitaka kusema neno na halikutoka. Craig aliinama wakaingia pamoja kwenye gari la wagonjwa.

Ambrose aliyaona yote hayo. Gudrun alipomfunga pingu, mbele na si nyuma, hakubisha.

"Mwachie Renner," Gudrun alimwambia Rustad.

"Nimeshasema wamwachie. Katukana ofisi nzima." Sherifu alitazama gari lililoinama, kisha mzee, kisha ardhi. "Kwa huyu tutaandika nini?"

"Tutaandika alichofanya."

Simu ya daktari ilikuja baada ya saa moja. Wakati huo uwanja ulikuwa karibu mtupu, na Ambrose alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari la Gudrun, magoti yakigusa kiti cha mbele. Gudrun alisimama nje kuipokea, mgongo kwenye kioo. Alisikiliza. Daktari alisema Bernie ataishi. Kisha alisema kwamba kwa kiharusi cha aina ile dawa ipo, ila lazima mgonjwa aletwe mapema, mara tu anapoanguka. Angeletwa usiku ule ule, huenda angetembea. Sasa hapana. Hataendesha tena chochote.

Gudrun alirudi kwenye usukani, akakaa bila kuwasha injini.

"Amesemaje daktari?" aliuliza Ambrose.

"Amesema ataishi."

"Na ningeita juzi?"

Gudrun alitazama theluji kwenye kioo. Katika kazi yake alikuwa amewauliza watu maelfu ya maswali na kuwataka wote waseme kweli.

"Ataishi, mzee," alisema.

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo nililokujibu."

Ambrose alitikisa kichwa taratibu, akaelewa, na uso wake ukaporomoka wote. Alilia kimya muda mrefu, mikono ya pingu mdomoni. Gudrun hakuwasha injini.

"Afande," alisema hatimaye, "nina ombi moja. Nishushe. Siwezi kuliacha vile."

Gudrun aligeuka. Gari-nyumba lilikuwa limebaki peke yake kwenye uwanja mweupe, limelala upande, kwa ajili ya mtu ambaye hayumo tena.

Kanuni zilikuwa wazi kabisa juu ya mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi. Gudrun alishuka, akamfungulia mlango, akamfungua pingu na kuziweka mfukoni. Alimpa funguo zake. Ambrose aliwasha injini, akalirudisha gari taratibu mpaka tairi zikashuka kwenye ardhi tambarare, kisha akashuka, akapiga magoti kwenye theluji na kuziokota mbao moja moja. Alizifuta kwa mkono wa shati lake na kuzipanga kwenye sanduku lake la pembeni. Akaweka kabari. Mwisho akakiweka kipimamaji kwenye ngazi ya mlango, akainama juu yake.

Povu lilitembea, likasimama katikati.

Aliinuka akafuta magoti, akamnyooshea Gudrun mikono yote miwili. "Haya," alisema. "Twende."